Picha Niliyoichagua na Uso Niliouogopa

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya! Nimesimama hapa kwa furaha, na mkiniona nacheka katikati mnivumilie, maana Mungu aliniokoa kwa njia ya kuchekesha. Aliniokoa na hofu ya mkwe, hofu iliyokaribia kumuua baba wa watu.

Ndugu zangu, Wanyakyusa mnajua, lakini wageni niwaeleze. Kwa mila yetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Ukimwona njiani unachepuka mgombani. Alipo yeye wewe hupiti. Mimi niliolewa Ndandalo, mama mkwe alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na baba alilala chumba cha uani. Niliishi pale miaka nikijua kikohozi chake na viatu vyake tu. Uso wake sikuujua.

Ilipofika ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Kyela yakajaa vitu: vitenge, redio, sabuni za kila rangi, na picha za watakatifu zenye fremu za kung'aa. Tulikuwa tumeuza kakao, mume wangu akanituma nikachague picha ya pale tunaposalia. Nilikwenda kwa Mzee Shaweji, Mwislamu mwenye asili ya Tanga. Nilisimama dukani mpaka miguu ikaniuma. Moyo Mtakatifu ulikuwa mzuri, ila kioo kilikuwa na ufa. Bikira Maria peke yake nilimwonea huruma, nikamwona mpweke kama mimi. Mzee Shaweji hakunihimiza. Alizipangusa vumbi moja moja, akasema, "Mama, chukua ile ambayo ukiamka asubuhi utapenda kuiona." Nikachukua Familia Takatifu: Mama, Mtoto, na Yosefu mzee mwenye upara na ndevu nyeupe.

Wifi yangu alipoiona ukutani alishika mdomo. "Wifi, umemtundika baba! Upara ule ule, ndevu zile zile." Ningebisha nini mimi, na mwenyewe sijawahi kumwona?

Basi sala ikawa taabu. Nitainuaje macho? Nikawa nasali nimeupa ukuta ubavu, kanga usoni, rozari nzima namtazama mjusi. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, lakini kuirudisha akakataa.

Masika yakaingia. Mume wangu alikuwa Mbeya na mchele wake, wifi amerudi kwake Katumba Songwe, na baba akashikwa na homa. Nilikuwa naweka uji mlangoni kwake, napiga makofi, naondoka. Siku hiyo mchana nikakuta bakuli la asubuhi limejaa vile vile. Nikasikia anaomba maji, kwa sauti ndogo sana. Nikakimbia kutafuta mwanamume yeyote aingie chumbani kwake. Hakuna. Maji yalikuwa yamepanda mashambani na watu wote wamekwenda kuokoa mpunga.

Ndugu zangu, nilirudi ndani nikaanguka mbele ya ile picha nikalia. Nilisema, "Mama Maria, mzee huyu uko naye hapo siku zote na humwogopi. Nisaidie, baba anakufa na mimi nipo." Nikajikuta nimeinua macho. Kwa mara ya kwanza nikamtazama Yosefu usoni, na uso ule ulikuwa wa upole kabisa. Hofu ikanitoka kama kuvuliwa kanga iliyolowa. Hiyo haikuwa nguvu yangu, nasema kweli. Nikachukua maji, nikaingia na binti yangu mdogo mgongoni.

Nikamwinua kichwa baba, akanywa. Akafumbua macho, akanitazama. Nikasubiri laana. Akasema, "Ndaga fijo, mwanangu, asante sana. Ila uji wako huwa unapoa huko mlangoni. Kuanzia leo ulete ndani." Mila yote akaimaliza kwa maneno hayo, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Halafu nikamtazama vizuri. Hafanani na Yosefu hata kidogo! Hana hata upara. Wifi alikuwa ananitania. Baba alifanana na binti yangu niliyembeba: macho yale yale, paji lile lile. Miaka yote hiyo nilikuwa naukimbia uso ninaoubusu kila siku.

Baba akapona homa. Sasa jioni baba ndiye anayetuongoza rozari chini ya picha ile, na anataka tusimame imara, hataki mtu asinzie.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Maria, na Mtakatifu Yosefu anisamehe kwa kumgeuzia ubavu. Nawe unayenisikia, kama yupo mtu wa nyumbani mwako unayemkwepa kwa hofu, mkabidhi Mungu hofu hiyo leo, uingie ulikokuwa huthubutu kuingia. Usingoje mpaka augue. Mimi baba mkwe wangu ndiye yule aliyekaa mkeka wa mbele, na muda wote huu nimesema nikimtazama yeye.