Kinyume, Aliyeshona Hofu Zetu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kinyume, na ninawaomba mnivumilie pale sauti itakaponikatikia.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba yetu, mchora mabango, na mama yetu, mfuaji wa shuka za hospitali, na mama anasema alikuja duniani akitanguliza miguu, mkunga akamwambia ajiandae, huyu atakuwa na mambo yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988, na jina la Kinyume alilipata akiwa darasa la nne, pale sweta lake lilipopauka hadi mwalimu wa zamu akalisema mbele ya wenzake, naye bila kumuuliza mtu akaligeuza, akalivaa upande wa ndani ukiwa nje, kwa kuwa huko ndani rangi ilikuwa bado ya dukani, wakamcheka mpaka wakachoka, na kabla muhula haujaisha wavulana watatu walikuwa wamegeuza ya kwao. Alimaliza sekondari mwaka 1998, akakaa miaka miwili kwa fundi cherehani wa mtaani akigeuza kola za mashati yaliyochakaa, kazi aliyosema ndiyo iliyomfundisha kwamba nguo huzeeka upande ule tunaouonyesha watu.

Mwaka 2001 alijiunga na chuo cha ubunifu wa mavazi, na huko maktaba akakutana na picha za wasurealisti, wale wachoraji waliochora ndoto kwa makini kama mtu anayechora bakuli la matunda mezani, ngazi inayoota majani, uso wenye dirisha mahali pa mdomo, akarudi likizo akatusimulia hadi chakula kikapoa, na baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama watu hao walikuwa na wake.

Alipohitimu mwaka 2004 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, kwenye meza ya kukatia, na hapo ndipo alipompata wifi yetu, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, aliyerudisha sare yake kwa sababu ilimpwaya mabegani, kaka akampima upya, akamwambia mabega yake hayana kosa, kosa ni la kiwanda. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 2009, wakajaliwa binti mwaka 2011 na mtoto wa kiume mwaka 2015, na katikati ya hapo kaka aliacha kazi ya sare, akafungua karakana yake katika chumba cha juu, ghorofani kwa fundi viatu.

Kazi kubwa ya maisha yake aliianza mwaka 2019, nayo aliiita Bitana, yaani kitambaa kinachoshonwa ndani ya vazi, kwa sababu alitaka mavazi yatakayotoa nje kile ambacho mtu hukificha ndani. Alikuwa amesoma vitabu vya saikolojia vya mkewe, jinsi akili inavyofunika hofu na jinsi hofu inavyochungulia usingizini, akataka kushona ndoto za wagonjwa wa wodini, wifi akamkatalia palepale, akamwambia, "Hofu ya mgonjwa si kitambaa. Ukitaka kukata, kata ya kwenu."

Basi akaja kwetu, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akawa anampima mtu kiuno huku akimuuliza anaogopa nini. Mama alisema anaogopa hodi ya alfajiri, akashonewa koti lenye mlango mdogo kifuani, bawaba za kweli, na komeo upande wa ndani peke yake. Baba anaogopa siku mkono wake utakaposahau herufi, na shati lake lina herufi zilizonyooka kifuani, ambazo kadiri zinavyoshuka zinalegea, zinaanguka, hadi zinajazana kwenye pindo. Fundi viatu aliapa kwamba haogopi kitu chini ya jua ila mama mkwe, akapewa suruali yenye magoti mawili kwa kila mguu, na mama mkwe alipoiona alisema afadhali, sasa huyu amefundwa. Binti yao aliogopa kuwa peke yake, na katika mfuko wa gauni lake kaka alishona mkono wa kitambaa, laini, wenye vidole vilivyokunjwa kidogo, ili kila akiingiza wake akute wa kushikana nao.

Vazi la kumi na moja lilikuwa la wifi, na wifi hakutaka kusema. Kila akiulizwa alijibu kwamba ya kwake bado, mpaka kaka akachoka kungoja, akakisia, akamshonea koti jeupe lenye mikono mirefu inayofungana mgongoni, akidhani mkewe anaogopa kujikuta siku moja yeye ndiye mgonjwa. Wifi alilipokea, akalitazama ndani na nje, akamwambia kwamba hofu ile ni ya Kinyume mwenyewe, amemvalisha mwenzake, na kwa siku kadhaa nyumba ile ilizungumza kwa kupitia watoto, mwambie baba chai tayari, mwambie mama nimeshiba. Kaka alilifumua koti lote, uzi kwa uzi, akaenda kuomba radhi, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Mnamo Januari 2023 alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo na mgongo, akayasingizia kuinama kwenye meza ya kukatia, na kufikia Oktoba madaktari waligundua saratani ya kongosho, ambayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Aliendelea kushona akiwa amekaa, kisha akiwa ameegemea mito, na tarehe 25 Mei 2024 mkusanyiko wa Bitana ulionyeshwa katika ukumbi wa chuo chake, ambapo hakukuwa na wanamitindo, tulitembea sisi wenyewe, kila mtu na hofu yake mwilini, mama yetu akafika katikati ya ukumbi, akafungua komeo kwa mkono wake, na watu wakasimama. Mwisho akapita binti yao, amebeba hanga tupu, ya vazi la mama yake.

Mwezi Julai, mchana mmoja, wifi akiwa anamkata kucha, alisema bila kuulizwa.

"Naogopa kuzoea. Naogopa siku nitakayoamka, nipike chai, niwaandae watoto, na nisikukumbuke mpaka mchana."

Kaka akaomba futi, akampima mkewe mabega, kifua na kimo, vipimo alivyovijua kwa moyo, akaomba mkasi na kitambaa cha pamba cha kijivu, akakata gauni la nyumbani, gauni la kawaida la vifungo mbele, lisilo na mlango wala herufi, la kwanza la namna hiyo tangu alipoacha kiwanda. Akamwambia, "Siku hiyo itakuja, mke wangu, na si kosa. Ikija, vaa hili."

Aliweza kulishona upande mmoja tu, upande wa pili na pindo vimemaliziwa na mwenzake wa karakana. Kaka yetu alifariki dunia hospitalini, Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, ameacha mjane, watoto wawili, wazazi wote wawili na sisi ndugu watatu ambao hatujui pa kuanzia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, na hasa wauguzi wa wodi ya wifi yetu walioshika zamu zake bila kuombwa, inawashukuru wenzake wa karakana, chuo chake, majirani waliowalaza watoto wetu nyumbani kwao, na fundi viatu aliyempandisha ngazi mgongoni miezi yote ile ya mwisho, akimtania kwamba ni mwepesi kuliko deni.

Na tuna ombi moja. Gauni lile liko kabatini, wifi bado hajalijaribu, na hatujui atalivaa lini, mwakani au baada ya miaka mingi. Siku mtakapomwona amelivaa, labda yuko sokoni, labda anacheka, tafadhali msinong'one kwamba amemsahau mumewe. Mpisheni apite. Ni mumewe aliyempimia.

Pumzika, Kinyume wetu. Amani ikukae vizuri, isikubane popote.