Protus Makhanu na Maji ya Mto Nabwala

Tarehe 30 Juni 1986 Bwana Protus Makhanu anastaafu, baada ya kuusoma Mto Nabwala asubuhi na jioni kwa miaka ishirini na saba. Wageni wa ofisi yetu ya maji huuliza mto unasomwaje. Pale darajani kuna ubao wenye namba uliosimikwa majini. Makhanu huangalia maji yamefika wapi, akaandika.

Nabwala ni mto mdogo. Huteremka kutoka vilimani hadi nchi tambarare upande wa Matungu, na zamani ulipotelea kwenye kinamasi cha mafunjo kabla ya kutokea darajani. Makhanu alikijua kinamasi hicho kuliko sisi sote. Siku ya harusi yake alipima maji kwanza, akaingia kanisani na matope hadi magotini. Bi Alice, mkewe, hajamsamehe.

Mwaka 1975 kila mtu alitaka ardhi ya miwa. Ikaamuliwa kinamasi kikaushwe, na Makhanu akaagizwa aonyeshe mitaro ipite wapi. Alisema maji yatakosa pa kutulia. Akaambiwa aonyeshe tu. Akaonyesha.

Asubuhi moja ya Aprili 1978 maji yalipanda futi mbili kwa nusu saa. Makhanu alikimbilia nyumba zilizo chini ya daraja. Katika nyumba ya kwanza, Zipporah Khalayi, mpalilia miwa, alikuwa akikoroga uji.

"Mama, tokeni! Maji yanakuja!"

"Makhanu, maji ya mlimani yanafikanga hapa jioni. Mimi nimezaliwa hapa."

"Yalikuwa yanafikanga jioni. Sasa kuna mitaro."

Alimwamini, akatoka. Kisha akarudi ndani kumbeba mama mkwe wake aliyekuwa mgonjwa kitandani. Makhanu alimfuata, lakini maji yalimzoa mlangoni, akanasa kwenye mti. Wanawake wale wawili walipatikana kesho yake, katikati ya miwa.

Ripoti niliichapa mimi. Mkubwa wetu wa wakati huo alitaka isomeke kwamba mvua ilizidi kiasi. Makhanu alinifungulia daftari lake: mvua ya 1964 ilikuwa kubwa zaidi, na haikuua mtu.

"Edah, andika mitaro," aliniambia. "Na uandike ni mimi niliyeonyesha pa kuchimba."

Niliandika. Mkubwa alitaka sentensi hiyo ifutwe, Makhanu akakataa. Hakupandishwa cheo tena.

Mwaka jana, kwa kufuata vipimo vyake, mtaro mkubwa ulizibwa, na mafunjo yameanza kuota upande mmoja. Tulimpelekea habari hiyo tukitaka afurahi. Aliuliza kama Lazarus, mume wa Zipporah, ameambiwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Makhanu akachukua baiskeli, akaenda mwenyewe.

Mzee Makhanu, tunakushukuru kwa kila namba uliyoandika, na kwa ile sentensi moja uliyokataa ifutwe. Ukae salama na Bi Alice. Mvua ikinyesha, usitoke. Darajani tutakwenda sisi.

Edah Osundwa, mpiga chapa