Fundi Sentimita na Ubeti wa Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo nina hasira, na ni afadhali mjue mapema. Tunamkumbuka fundi cherehani aliyefariki wiki mbili zilizopita akiwa na miaka hamsini na tisa. Mtaani walimwita Fundi Sentimita. Mwaka wake wa mwisho aliutumia kujifunza kuandika mashairi. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: fundi cherehani, miaka hamsini na tisa, mwanafunzi wa ushairi.

Jina hilo hakupewa bure. Fundi hakuamini kitu ambacho hajakipima. "Hata mkate alikuwa anauwekea futi kabla ya kukata," ananiambia mke wake. "Na futi yenyewe ilikuwa shingoni hata akienda msibani. Nimesema wee, nikachoka." Anacheka, halafu anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kwa nini mashairi? Kwa sababu ya dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka minne, dada kumi na miwili. Dada akaacha shule amlee mdogo wake. Akamwogesha, akampeleka shule, akamfundisha kushika sindano. Miaka hamsini na mitano ikapita na asante haijatoka mdomoni. Si mnatujua tena ndugu? Kugombana tunagombana kwa sauti, lakini neno tamu linatukwama kooni.

Sasa dada huyo hakosi kipindi changu cha mashairi, Alhamisi saa tisa alasiri. Saa hiyo ukimgongea mlango, utagonga mpaka mkono uchoke. Fundi akapiga hesabu zake akaona hapo ndipo masikio ya dada yalipo. Asante ataipitisha redioni.

Akaja hapa kituoni na karatasi ya kaki, ile anayochorea vipimo vya suruali. Ubeti mmoja, mishororo minne. Niliitazama nisiielewe. Herufi nyingine zimevutwa kama lastiki, nyingine zimebanana hazipumui. Nikamuuliza, kulikoni mzee wangu? Akajibu kwa fahari, "Ulisema mishororo yote iwe na kipimo kimoja, kumi na sita. Haya, pima mwenyewe. Sentimita kumi na sita kila mmoja, haizidi haipungui." Akavua futi shingoni anipe.

Jamani, nilicheka. Nilicheka vibaya, na leo naona aibu. Kisha nikamweleza kwamba tunahesabu silabi: nane kabla ya kituo cha katikati, nane baada yake, na vina vilingane kote kuwili. Fundi hakucheka. Alikunja karatasi yake pole pole akasema, "Basi nimekosea kipimo. Nitarudia."

Akarudia. Hapo ndipo nyumba nzima ilipokosa amani. Silabi alizihesabu kwa vifungo, kifungo kimoja kwa silabi moja, vimepangwa juu ya meza ya kukatia. Mteja anafuata shati lake, anaambiwa asubiri, vifungo vyake viko kwenye mshororo wa pili na ole wake avisogeze. "Wateja walinisema mimi," anasema mke wake. "Nikimwuliza, ananiambia, mama, usinipoteze, nimefika kumi na moja!"

Mizani ikikaa sawa, vina vinakataa. Vina vikikubali, maana inakimbia. Safari moja alileta ubeti unaosema dada yake alimlea kwa maziwa ya kondoo. Nikauliza, kwani mlifuga kondoo? Akawaka. "Kondoo gani! Kondoo sijawahi hata kumshika! Kina ndicho kilichotaka!" Akaichana karatasi hapo hapo, akasema kwa uchungu, "Suti ya bwana harusi naimaliza kwa siku mbili. Haya maneno machache yananishinda kwa nini?"

Wasikilizaji wapendwa, alikuja mara saba. Nasema tena, mara saba, na mara zote saba nilimrudisha. Mara ya saba ubeti ulikuwa umesimama. Nilihesabu kwa vidole nikafika mshororo wa mwisho, nikakuta silabi kumi na tano. "Bado moja, mzee wangu," nikamwambia. Akanikazia macho. "Moja tu?" Moja tu. Ningeweza kuiongeza mwenyewe kwa kalamu yangu, na kazi ikaisha. Lakini mimi nikajifanya bingwa wa kanuni. Nikamwambia akaitafute, tutausoma akiipata. Nikabaki na nakala mezani. Siku nne baadaye alianguka dukani kwake, mchana, vifungo viko mezani. Ni shinikizo la damu. Hospitali hakufika.

Na kuna jambo nilikuwa silijui. Zamani fundi alipita kwa dada yake kila jioni akifunga duka. Ni nyumba ya tatu tu kutoka pale. Alipoanza mashairi, akaacha. Mwaka mmoja na miezi miwili hakutia mguu. Mke wake anasema, "Nilimwambia, si uende tu ukamwambie kwa mdomo? Akasema, nikikaa naye nitatoboa siri. Asubiri kidogo, atasikia redioni."

Baada ya maziko, mke akampa dada ile karatasi ya ubeti na kumweleza yote. Juzi dada akaja hapa. Mama wa miaka sitini na saba, mkoba kifuani, hakutaka hata maji.

"Mwanangu," akaniambia, "nilikuwa namwona anavuka barabara asipite mlangoni kwangu. Nikadhani nimemkosea. Nimelala na kuamka nikijiuliza hilo, nimemkosea nini huyu mtoto? Sasa niambie wewe uliyesoma. Hiyo silabi moja, mngeusoma ubeti bila hiyo, redio yenu ingepungukiwa nini?"

Nikaichukua ile nakala iliyobaki mezani.

Huu hapa ubeti wake, kama alivyouacha. Sikuongeza kitu.

Dada yangu nakumbuka, shule ukaniachia,
Mapema ukaamka, chai ukanipikia,
Shati likinichanika, kiraka ukanitia,
Asante sijatamka, kwako nimekulia.

Kumi na tano. Nimeusoma, na ni Alhamisi, saa tisa alasiri. Dada yupo nyumbani anasikiliza, lakini aliyeandika hayupo.

Kwa mke wa marehemu, watoto wake, na wewe dada mkubwa: poleni sana. Mungu awape nguvu. Na mnisamehe, kama mtaweza.

Nanyi mnaoanza kuandika mashairi, andikeni, mkosee, mlete hapa. Kuanzia leo tutayasoma hata yakichechemea, na makosa tutayarekebisha pamoja, hewani. Lakini kama kuna mtu anayekudai neno zuri lililo moyoni mwako, hujamwambia, na unasubiri likae sawa kwanza, tafadhali, usiendelee kunisikiliza mimi. Zima redio. Nenda kamgongee mlango.