Alexis Kasonde Mumba, Fundi wa Reli na Mtunza Nishani wa Katuba

Baba Padri, wazee wa familia, wafanyakazi wa reli mliokuja na nguo zenu za kazi, majirani na marafiki, mimi ni Aristote Chileshe, kaka wa Mama Julienne, mjane wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya shemeki wangu, huku ikiniagiza nisikawie, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliweza hata siku moja alipoanza kueleza habari za vyuma vyake.

Mpendwa wetu Alexis alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mjini Albertville, ambao leo ni Kalemie, mtoto wa tatu wa Papa Mumba Jérôme, mfanyakazi wa reli, na wa Mama Musonda, akapewa jina la Kasonde kwa heshima ya babu yake mzaa baba, mtu wa upande wa Moba, ambaye mwaka 1916 alibeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji kwa miguu hadi Tabora, katika vita vya kuwafukuza Wajerumani. Babu huyo hakupewa kitu siku ya kurudi, ila njiani aliokota katika matope msalaba mdogo wa chuma, nishani ya askari Mjerumani, wenye herufi W katikati, taji juu na mwaka 1914 chini, akautunza miaka yote pamoja na tumbaku yake, na mwaka 1958 akampa mjukuu wake wa miaka tisa, akimwambia, "Uchunge hii. Mwenyeye alipewa na mufalme. Miye nilipewa na matope."

Masomo ya msingi aliyaanza Albertville mwaka 1955, yakakatizwa mara mbili na vurugu za baada ya uhuru, na mwaka 1963 familia ilipanda treni kuja huku, ambako Alexis aliingia shule ya ufundi na kupata diploma ya ajusteur, yaani fundi wa kuchonga vyuma, mwezi wa Juni 1968, wa pili katika darasa la vijana ishirini na sita. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa katika karakana za reli, akafanya kazi humo miaka arobaini na moja, hadi Septemba 2009, na wenzake wanaweza kushuhudia kwamba alikuwa akishika kipande cha chuma gizani na kukuambia ni cha gari gani.

Tarehe 10 Agosti 1974 alifunga ndoa takatifu na dada yangu Julienne, mwalimu wa shule ya msingi hapa Katuba, na wiki hiyohiyo ya kwanza dada yangu alipofungua sanduku la bwana wake alikuta ule msalaba wa babu, akaugeuza huku na huku, akauliza, "Alexis, hii musalaba, Yesu yake iko wapi?" Alexis akaanza kueleza, na mimi nilikuwa nimekuja kuwasalimia kwa dakika chache, nikatoka pale jioni.

Ugonjwa huo wa nishani ulikuwa bado mdogo, na aliyeukuza ni Bwana Ruprecht, mtaalamu wa mashine za kuchimba, Mjerumani aliyekaa mjini kwetu miaka minne, ambaye Alexis alikuwa akimchongea vipuri vya gari lake Jumamosi. Mzee huyo alimweleza kwamba mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka ishirini, alipewa Msalaba wa Chuma wenye alama ya chama cha wauaji waliotawala nchi yake, ile alama ya mikono minne iliyovunjika, kwamba baada ya vita nishani hizo zilikatazwa, na kwamba mwaka 1957 sheria ilitoka huko Ujerumani Magharibi, kuwaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao zikiwa zimetengenezwa upya, bila ile alama, na mahali pake katika msalaba pakawekwa majani ya mwaloni. Ruprecht alisema, "Ile ya kwanza nilipewa, hii ya pili nilichagua," na mwaka 1979, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia Alexis zote mbili.

Kuanzia hapo alitafuta kila nishani kwa jozi, ya zamani na ya badala yake, msalaba wa chuma, msalaba wa sifa ya vita, beji ya majeruhi, akiandika barua kwa wakusanyaji wa Ulaya, akipekua mifuko ya makoti ya mitumba katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu, ambako mwaka 1986 alipata utepe mzima wa afisa ndani ya koti la mwanamke, na kufikia mwisho alikuwa na vipande sitini na kimoja. Nishani zenye alama ile mbaya alizilaza kifudifudi, na watoto wa mtaa walipokuja kuziona Jumapili aliweka jozi mezani, akageuza ile ya zamani, akauliza, "Nini imebadilika?", nao wakiisha kuiona tofauti, aliwaeleza bila kuficha watu wangapi waliuawa chini ya alama ile, kisha akairudisha kifudifudi. Alikuwa akisema kwamba anapenda zaidi zile za badala, hata kama wakusanyaji wengine wanazidharau, kwa sababu ndani yake anaona watu walioona haya na hawakutupa yote.

Mama yetu mzazi, mama mkwe wake, apumzike pema, alichukua moja ya hizo za badala bila kuomba, akaitundika juu ya kitanda pamoja na rozari, akiamini kwamba yale majani ni ya Jumapili ya Matawi, akasali mbele yake miaka miwili, hadi padri alipokuja kumpaka mafuta ya wagonjwa na kuuliza ule ni msalaba wa namna gani. Alexis alieleza kwa aibu kwamba ni wa vita, na mama akajibu palepale kitandani, "Vita yangu ya magonjwa niliishinda nayo. Muiache." Iliachwa, na mama aliishi miaka sita zaidi.

Haikuwa vicheko kila siku. Mwezi wa Novemba 1998, nchi ikiwa vitani, watu wenye silaha walimsimamisha njiani akitoka sokoni Kenya, wakakuta nishani sita mfukoni, wakamfungia katika nyumba tusiyoijua, na nyumbani Julienne alikaa chini na majirani, tukijua mtu anayekamatwa na alama za jeshi la kigeni wakati kama ule huenda asirudi. Mkuu wao alimwuliza, "Weye uko askari wa nani?", naye akajibu, "Miye niko muntu wa chemin de fer, muntu wa reli, chef, naomba munitafutie sumaku." Wakatoa sumaku katika redio mbovu, naye akawaonyesha kipande kimoja baada ya kingine, chuma kinashika, shaba haishiki, hii ya mwaka huu, ile ya mwaka ule, muda wa saa tatu, hadi ikaonekana kwamba moja kati ya zile sita ni ya uongo, na mkuu akajiuliza mpelelezi gani angetembea na nishani ya uongo. Mkuu alimwachilia, akabakiza moja kama zawadi, na kwa kuwa ile ya uongo ndiyo iliyong'aa kuliko zote, alichukua hiyo. Alexis aliingia nyumbani akicheka, na dada yangu, aliyekuwa amelia siku mbili, hakumsemesha siku nne, siku ya tano akamwambia nishani hazitoki tena nje ya lango, naye akatii, akachonga kabati la sebuleni, lipo mpaka leo.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Laurentine anayeishi Hewa Bora, Elisée aliye Likasi, Keren mwuguzi, na Jephté, aliyetutangulia mwaka 1991 akiwa na miaka saba, na wajukuu kumi na mmoja, kati yao Sephora, aliyemfundisha babu yake kutuma picha za nishani kwa simu.

Mwaka 2016, miaka mia baada ya Tabora, shemeki wangu alinunua shaba, akakaa karakana ya rafiki yake wiki tatu, akachonga nishani ya mkono wake, yenye mtu aliyebeba mzigo kichwani, jina la Kasonde na mwaka 1916, bila msalaba na bila taji. Nilimwuliza kama hiyo nayo ni ya badala, akanijibu taratibu, "Hapana, shemeki. Ya badala inaomba kuwe ya kwanza, na babu hakupewa." Tulisafiri pamoja hadi Moba, tukaikaza kwa saruji juu ya kaburi la babu, wazee wa kule wakapiga makofi ya heshima.

Mwezi wa Mei 2024 moyo ulianza kumchosha, miguu ikavimba, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki akiwa na miaka sabini na mitano, mkono wake ndani ya mkono wa Julienne. Wengine mmeuliza asubuhi hii kwa nini jeneza halina nishani hata moja, na jibu ni lake mwenyewe, alisema nishani ni kitu cha kupewa na mtu mwingine, ya kujipa mwenyewe ni bati. Kabati na vyote vilivyomo ameviachia shule aliyofundisha mke wake, kwa sharti kwamba jozi zisitenganishwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania miezi tisa, wakavumilia pia masomo yake kutoka kitandani, wafanyakazi wa reli waliobeba jeneza kwa zamu, padri wetu na kwaya, na ninyi majirani wa Katuba, ambao miaka arobaini mliwatuma watoto wenu kwake na kila kipande cha chuma cha mviringo walichookota, wakimwuliza, wakimaanisha Wajerumani, "Papa Alexis, hii ni ya Badeutsch?", naye hakumwambia mtoto hata mmoja kwamba ni kizibo cha chupa ya bia kabla ya kukiweka kwanza kiganjani, kukipima, na kukitazama pande zote mbili.

Shemeki, umetuonyesha namna ya kutazama. Pumzika kwa amani.