Kuku Wote Wamevaa Buluu

TRIZA: Haloo? Makokha?

MAKOKHA: Haloo? Nani mwenzangu?

TRIZA: Ati nani? Jirani yako wa miaka kumi na minane hapa Kaloleni. Jina langu si liko kwa simu yako?

MAKOKHA: Aa, Mama Elsie. Mulembe, hujambo. Netiwaki huku— [mkwaruzo] —inakatakata.

TRIZA: Huku wapi?

MAKOKHA: Niko Mathare. Nimekuja kuona mtu wa, wa mabati.

TRIZA: Sawa. Sasa sikia. Ndirangu amefika.

MAKOKHA: Ndirangu gani?

TRIZA: Wa kununua kuku. Nilikwambia anakuja leo awabebe wote, kwa sababu kesho nahamia kwa Elsie kule mtaa wa Tena, ghorofa ya nne, na huko kuku haruhusiwi hata kwa picha.

MAKOKHA: Kumbe ni leo?

TRIZA: Usijifanye. Umekuwa ukihesabu hizo siku kunishinda.

MAKOKHA: Basi awabebe, si ndivyo mlisema.

TRIZA: Abebe nani? Mimi na wewe tulipatana nini juu ya hizi pete za miguuni?

MAKOKHA: Nyekundu ni wako, buluu ni wangu. Maana wanalala banda moja na wanafanana.

TRIZA: Ndiyo nikamwambia Ndirangu abebe wenye nyekundu peke yake, wa buluu asiguse. Amefungua banda. Ameinua wa kwanza, buluu. Wa pili, buluu. Saa hii ameinua kumi na tisa na anaanza kuniangalia vibaya.

MAKOKHA: Ajabu.

TRIZA: Ajabu tu?

MAKOKHA: Labda zimepauka. Jua la siku hizi—

TRIZA: Jua linageuza nyekundu kuwa buluu?

MAKOKHA: Plastiki za siku hizi, Mama Elsie, huwezi—

TRIZA: Makokha, unacheka.

MAKOKHA: Nakohoa.

TRIZA: Unacheka, nakusikia. Wacha hiyo, utanifanya na mimi— [anacheka] —hapana. Nimekasirika. Jana nilikuwa kwaya masaa mawili. Nani alibaki hapa nyumbani?

MAKOKHA: Kaloleni ina watu wengi.

TRIZA: Watu wengi wenye pete za buluu?

[Honi inalia, ndefu.]

TRIZA: Umesikia hiyo? Ni pikapu ya Ndirangu.

MAKOKHA: Nimesikia. Amechoka kungoja.

TRIZA: Mimi nimeisikia mara mbili. Hapa mlangoni, halafu ndani ya simu yako. Mathare imesongea karibu hivyo?

MAKOKHA: Honi zote zinafanana.

TRIZA: Uko nyuma ya choo.

MAKOKHA: Nyuma ya tangi la maji.

TRIZA: Mzee mzima. Fundi wa reli, umestaafu na heshima zako zote, umechutama nyuma ya tangi. Na mkono je? Yule kuku wangu mkali, Chifu, hashikwi na mtu mwingine. Alikudonoa?

MAKOKHA: Mara nne. Nimefunga kitambaa.

TRIZA: Pole. Hapana, si pole. Yaani ulishika kuku wangu ishirini na watatu, mmoja mmoja, ukavua pete, ukavisha nyingine, na mgongo ule wako?

MAKOKHA: Niliwaita na mahindi. Wa mwisho nilimaliza nikiwa kwa magoti. Nikasikia kutoka kanisani mmefika ule wimbo wa kufunga, nikajua sina muda.

TRIZA: [anacheka hadi anakosa pumzi] Ndirangu, nipe dakika moja tu, baba. Niko sawa. Eeh, ni machozi ya kucheka. Makokha, ulifanya hivyo kwa nini?

MAKOKHA: Kredo ya simu yako itaisha.

TRIZA: Iishe. Kwa nini?

MAKOKHA: Nilijaribu kukwambia kwa mdomo. Jumatatu nilikuja, ukanipikia chai, nikaongea juu ya mabati. Jumatano nikarudi. Nikaongea juu ya mabati tena.

TRIZA: Nilishangaa. Mabati yako hayana shida yoyote.

MAKOKHA: Hayana.

TRIZA: [polepole] Basi ongea sasa.

MAKOKHA: Hizi pete tulianza kwa sababu tuko wawili. Ukienda, mimi nitavisha kuku rangi ya nini? Nani atakuja kuniambia huyu si wako? Tangu mke wangu, Mama Frankline, anitoke, nikikusikia asubuhi ukigombana na hawa kuku ndipo najua kumekucha. Sitaki uende. Basi, nimesema.

TRIZA: [anasogeza simu mbali na sikio]

MAKOKHA: Haloo? Mama Elsie? Ni netiwaki ama—

TRIZA: Netiwaki iko sawa. Nafuta macho. Na Elsie ameshapaka chumba rangi.

MAKOKHA: Najua.

TRIZA: Nitamwambia nini?

MAKOKHA: Mwambie umekosa kuku wa kuuza.

TRIZA: [anacheka] Wewe ni mtu mbaya. Ndirangu, pole sana, baba, rudisha kreti kwa gari. Eeh, zote. Hakuna wa kuuza hapa. Hapana, sijachanganyikiwa. Ngoja nikupatie mayai uende nayo.

MAKOKHA: Triza?

TRIZA: Leo nimekuwa Triza.

MAKOKHA: Anaenda?

TRIZA: Anapakia, amenuna. Lakini mimi na wewe hatujamaliza. Kama ni rangi moja, mbona ni yako? Uliniuliza?

MAKOKHA: Ndizo nilikuwa nazo kwa kopo.

TRIZA: Simu inalia, kredo inaisha. Zile nyekundu ulitupa?

MAKOKHA: Nitupe? Ziko hapa kwa mfuko wa shati. Zote.

TRIZA: Zote ishirini na tatu?

MAKOKHA: Nimelala nazo.

TRIZA: Basi jioni kabla ya chai, unazirudisha kwa—

[Simu inakatika.]

MAKOKHA: Haloo? Triza? Narudisha kwa nani?

TRIZA: [bila simu, kutoka upande wa pili wa tangi] Kwa kuku wote. Hata wako, zikipungua ninazo zingine. Na utaanza na Chifu.