Breki ya Mkono wa Kushoto

Wachungaji wetu, wazee wa Bahi, uongozi wa mtaa wa Miyuji, wafanyakazi wenzake marehemu, majirani na marafiki wa dini zote, familia ya marehemu Bartolomayo Ndahani inawasalimu leo Jumamosi, tarehe 28 Septemba 2024, wakubwa shikamooni, na wote poleni na vumbi la njiani. Kabla ya kusoma maisha ya ndugu yetu familia inaomba jambo moja, kwamba mtu asiinuke wala asinong'one mpaka mwisho, maana tunajua yaliyosemwa hapa uani tangu asubuhi, tunajua nani ametazamwa kwa jicho gani, na ndani ya historia hii yamo maneno ambayo baadhi yetu hatukutaka yasomwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1971 hapa hapa Bahi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ndahani na mama Evodia, ambao wote wametangulia. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu aligoma kutoka mpaka mkunga akakata tamaa na kwenda kunywa uji, ndipo akatoka, kwa hiyo ubishi wake hakuuokota mjini, alikuja nao. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akapata kipaimara mwaka uliofuata, na kwa kuwa hakuchaguliwa kwenda sekondari, baba yake alimkabidhi baiskeli aina ya Phoenix na kumwambia shule yake sasa ni hiyo.

Miaka ile mvua ilikuwa nzuri, mbuga ilijaa maji na samaki wakawa wengi kuliko walaji, naye alikuwa akifunga tenga la samaki kwenye keria, anakanyaga mpaka sokoni Dodoma, kisha anarudi tenga tupu akishuka mteremko wa kuingilia Bahi ambao wengi wenu hapa mnateremka kwa miguu mkiikokota baiskeli. Breki za Phoenix ni za fito za chuma, hazishiki mpaka uzinyonge kwa mkono mzima, na ya mbele, iliyo mkono wa kulia, marehemu aliigusa kwa kuibembeleza tu, kazi yote akaiachia ya nyuma, iliyo mkono wa kushoto. Hata breki hiyo ilipochoka, alikanyagia tairi ya nyuma kwa kisigino cha katambuga na bado akafika nyumbani mzima. Tunaomba mlishike hilo la mkono wa kushoto, tutalirudia.

Mwaka 1994 alihamia Dodoma mjini, akapanga chumba Ipagala, mwaka 1996 akapata kibarua kwenye idara ya maji, na mwaka 2001 akaajiriwa rasmi kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya mpaka mwisho. Wenzake walipopewa pikipiki yeye aliomba abaki na baiskeli, akidai pikipiki inapita nyumba kabla haijaiona mita, na wenzake walimcheka, lakini ikifika mita iliyofunikwa na majani na hakuna anayejua ilipo, aliyetafutwa ni yeye.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Loisi, aliyekaa hapa mbele yetu, na siku ile alimpakia bibi harusi wake kwenye keria ya Phoenix kutoka kanisani, gari la kukodi likawafuata nyuma tupu, mama wakwe wakaziba nyuso kwa aibu. Walijaliwa watoto wawili, Debora aliyezaliwa mwaka 2000 na Cecilia aliyezaliwa mwaka 2005, na mwaka 2004 walihamia kwenye nyumba yao Miyuji. Loisi anasema katika ndoa yao walikosana kwa mengi, ila hakuwahi kulala hajui mumewe amekwenda wapi.

Sasa tunafika kwa Halfani. Mwaka 1997 marehemu aliingia kwenye duka la spea za baiskeli la Halfani Yahaya, karibu na soko la Majengo, mtu ambaye wazee wake walifika Dodoma na misafara ya biashara ya zamani wakanogewa na mji, na marehemu alitoka mle na spoku sita na ubishi mmoja. Halfani alisema baiskeli nzuri ndiyo inayomfanya mtu aonekane hodari, marehemu akasema chuma hakina akili, mwenye akili ni aliyekikalia, na ubishi huo ukaendelea miaka ishirini na saba, kwenye kahawa, kwenye Idi nyumbani kwa Halfani, kwenye Krismasi nyumbani kwa marehemu, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ataungama kabla ya kufa.

Mnajua ule mlima wa nyuma ya Miyuji, na ile njia ya mawe inayoshuka kwa vidato ambayo vijana wa baiskeli wanaiita Ngazi. Mwaka 2011 marehemu aliwaacha pale vijana wenye baiskeli za mlimani, zenye gia na springi, yeye akiwa na Phoenix yake isiyo na hiki wala kile, na Halfani akasema vijana hao hawajui hata kukaa. Mwaka 2018 kijana mmoja aliyenunua baiskeli kwa Halfani alimwacha marehemu mbali, naye akasema kijana ana mapafu mapya, si baiskeli. Hoja ikabaki pale pale, na mwezi wa nane mwaka huu wazee hawa wawili wakakubaliana kuimaliza kwa njia waliyoona haina ujanja, mtu mmoja, mlima mmoja, baiskeli mbili.

Jumamosi tarehe 14 Septemba Halfani alifika na baiskeli ya mlimani, mtumba wa kutoka Ulaya, yenye springi mbele na breki za diski. Hakumuuzia marehemu, alimwazima kwa siku hiyo, na hilo walisikie wanaosema aliuza. Marehemu aliteremka kwanza na Phoenix, akafika chini salama, vumbi mpaka kwenye kope, watu wakashangilia. Marehemu alipokabidhiwa ile ya pili, Halfani aliikagua tena na kugundua kwamba breki zake zimefungwa kinyume na zetu, ya mbele iko mkono wa kushoto, na tena inashika kwa kidole kimoja tu, akatoa spana akaomba apewe robo saa azihamishe. Marehemu akakataa. Alisema kama uhodari uko kwa mtu, basi breki ikae upande wowote inaotaka, na Halfani alipoushika usukani asimwachie, akamwambia maneno haya, "Mkono ni wangu, nitauambia mwenyewe."

Loisi alikuwa amesimama hapo hapo, koti la mumewe mkononi, akasema, "Baba Debora, mwache ahamishe, mlima haukimbii." Marehemu akacheka, akamgusa bega, akaanza kuikokota baiskeli kwenda juu. Loisi anasema alitamani kulishika lile gurudumu kwa mikono miwili, lakini watu walikuwa wanatazama, akaona haya kumgombeza mumewe hadharani, na haya ile inamuuma mpaka sasa hivi alivyokaa hapa.

Alishuka vizuri, tena vizuri kuliko mara ya kwanza, mabega yamelegea kama mtu aliyekaa sebuleni kwake, na Halfani, aliyekuwa anaushinda ubishi wa miaka yote hiyo mbele ya mashahidi, hakutabasamu hata kidogo, macho yake yalikuwa kwenye mikono ya marehemu. Karibu na vidato vya mwisho jiwe lilicheza chini ya tairi, na mkono wa kushoto ukafanya kile ulichojifunza kwenye mteremko wa Bahi, ukanyonga kwa nguvu zake zote. Gurudumu la mbele lilisimama palepale, marehemu akapita juu ya usukani, akaangukia shingo na kichwa. Wa kwanza kumfikia alikuwa Halfani.

Alilazwa hospitalini hapo mjini, na kabla jua halijazama Miyuji na Ipagala zilikuwa zimeshatoa hukumu, kwamba Halfani ameleta breki mbovu, na wengine wakaongeza neno la dini, neno ambalo familia inalikataa mbele ya jeneza hili. Kioo cha duka lake kilivunjwa. Alikuja wodini mara mbili na mara zote mbili Meshack, mdogo wake marehemu, alimzuia mlangoni, mara ya pili kwa kumsukuma. Polisi waliichukua baiskeli ikakaguliwa, breki zote mbili zikakutwa nzima, lakini habari hiyo haikuwa na miguu kama ile ya kwanza.

Ndani ya wodi Loisi alikuwa anahangaika na mkono. Mumewe alikuwa amelala kimya, macho yamefumba, lakini mkono wa kushoto ulikuwa unaliminya shuka usiku na mchana, Loisi anaukunjua kidole kimoja kimoja, unajifunga tena. Ijumaa tarehe 20 Septemba alifumbua macho na sauti ikamrudia kwa muda mfupi, akauliza Halfani yuko wapi. Akasema, polepole lakini bila kumung'unya, muuguzi akisikia, "Mwambieni Halfani aihamishe ile breki." Loisi akamuuliza aihamishe kwa ajili ya nani, akajibu, "Yeyote atakayeipanda. Mikono ya watu wa huku ni hii hii." Hakusema tena neno la kueleweka, na Jumanne tarehe 24 Septemba, saa nne asubuhi, alifariki dunia kwa majeraha ya kichwa na shingo.

Alhamisi tulipokaa kuiandaa historia hii, mahali hapa paliandikwa kwamba marehemu alifariki kwa hitilafu ya baiskeli aliyopewa. Loisi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama sentensi hiyo itasomwa, yeye atasimama na kuliacha jeneza la mumewe uwanjani mbele ya watu wote, kwa sababu aliishi naye miaka ishirini na tano na hatakubali azikwe na uongo. Meshack alipandisha sauti, wazee wakatoka nje, wakarudi, na ilipofika saa ya chakula hakuna aliyekula, mpaka Meshack mwenyewe akasema ifutwe. Imefutwa. Haikuwa baiskeli mbovu, wala hakuwa mwendeshaji mbovu, mmesikia jinsi mtu na baiskeli walivyoshuka, ila mkono na chuma havikupewa robo saa ya kujuana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji waliobeba gharama za usafiri na kukesha nasi, majirani wa Miyuji na Ipagala waliopika na kuteka maji, vijana wa baiskeli waliomshusha mlimani kwa mikono, na wachungaji waliomwombea.

Jeneza litabebwa na watu sita, watano wamekwishatajwa, na nafasi ya mbele upande wa kushoto Loisi ameiacha wazi tangu Alhamisi. Halfani, tunakuona, umesimama kule barabarani kwenye bodaboda kama mtu asiye na msiba, njoo ndani. Upande wa kulia atakuwa Meshack, ameridhia, na amesema atasogea yeye kwanza kukupokea. Baiskeli yako imeegemezwa ukutani mwa jiko, tumeichukua polisi jana, breki ya mbele bado iko kushoto, na ujumbe uliosomwa hapa ulikuwa wako tangu tarehe 20, tunakuomba radhi kwa kukucheleweshea. Tukitoka makaburini usiondoke Bahi kabla hujaihamisha, kwa sababu, ukiridhia, atakayeipanda ni Debora.

Bartolomayo, mwana wa Ndahani, umeungama wewe kwanza, na hapa hakuna atakayekucheka. Pumzika kwa amani, na mkono wako nao upumzike.