Mshamu Ngwele na Waya Uliokatwa Chumbi

Assalaam alaykum. Wazee wetu, kina mama, na ninyi wenye kampuni mliokaa viti vya mbele, familia imeamua historia hii isomwe yote, bila kurukwa neno.

Marehemu Mshamu Haidari Ngwele alizaliwa Salale tarehe 3 Juni 1952, mtoto wa tatu wa mzee Haidari na bibi Sikujua, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari na chuo cha ufundi Dar es Salaam, akahitimu fundi umeme mwaka 1974.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na shamba la mpunga la serikali hapa Chumbi, na mwaka 1988 zilipoletwa kompyuta ndogo za kuongoza maji, moja ikafungwa kwenye pampu mtoni, nyingine kwenye lango la mfereji, yeye ndiye aliyetandaza waya kati ya hizo mbili, maana ile ya pampu haikuwa na namna ya kuuona mfereji, ilingoja kuambiwa na mwenzake kimo cha maji, na ikiambiwa umejaa, inazima pampu. Miaka yote hiyo hakuna dungu, kibanda cha kulindia mpunga, lililoingiwa na maji ya mfereji.

Alimwoa Semeni Abbasi, Kibiti, tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wanne, Tabu, Khamisi, Maimuna na Saidy. Semeni alizoea kumtania kwamba amemletea mke mwenza wa chuma, naye humjibu, "Huyo angalau akiambiwa basi, ananyamaza, mama Tabu."

Mwaka 1995 shamba liliuzwa vipande viwili, pampu kwa bwana mmoja wenu, lango na mashamba kwa mwingine, na waya, kwa kuwa ulivuka mpaka, ukakatwa. Marehemu alibaki upande wa lango, akawafuata mabwana wote wawili, akaomba waya uungwe, ipite namba moja tu, kimo cha maji. Wa lango akamwambia, "Fundi, habari za mtambo wangu si pilau la hitima, kila apitaye ajipakulie." Wa pampu akacheka, akasema hana haja ya jirani kumfundisha lini azime mashine yake.

Jumanne tarehe 12 Machi 1996, asubuhi, majaruba ya mpunga yalikuwa yameshiba, kompyuta ya langoni ikafunga lango kama ipasavyo, ya mtoni haikuambiwa kitu, pampu ikazidi kusukuma, maji yakapanda kingo kuelekea madungu yenye watoto. Mshamu aliingia majini, akalifungua lango kwa mkono, maji yakamwagikia majarubani, watoto wakapona, ukuta wa lango ukamwangukia kifuani. Alilazwa Kibiti, akafariki Alhamisi tarehe 14.

Kabla hajaoshwa, ninyi wenye kampuni mlikwisha kutangaza kuwa fundi alizembea. Tunasema mbele ya jeneza lake, hakuzembea. Lango lilifanya kazi yake, pampu ilifanya kazi yake, mlichokikata ninyi ni mazungumzo yao. Gunia la mchele mlilotuletea lipo mlangoni, mkitoka mtoke nalo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibiti, majirani waliombeba kwa zamu hadi barabarani, mafundi wenzake, na Abdalah, mwendesha pampu, aliyefukuzwa kazi jana kwa kukataa kuiwasha mpaka waya uungwe. Ufunguo wa pampu anao yeye, na wanaume wa Chumbi wameketi kumzunguka, hapo mnapomwona.

Mshamu, pumzika kwa amani. Pampu haijawashwa.